Miezi Minne na Huduma ya Ushauri Nasaha Kazini

Mwezi Mei mwaka huu mwajiri wetu, ambaye anaendesha kituo cha kupokea simu za wateja jijini Dar es Salaam, aliingia mkataba na kampuni moja inayotoa huduma za ustawi wa wafanyakazi. Kifurushi tulichoelezwa kilikuwa na mambo matatu, yaani semina ya saa moja kila Jumatano, vikao sita vya ushauri nasaha kwa kila mfanyakazi atakayehitaji, na ukaguzi wa mazingira ya kazi ambao ripoti yake ingekabidhiwa uongozi. Sisi hatukulipia chochote, kwa hiyo ninachokipima hapa ni kama huduma hiyo ilipunguza msongo wenyewe ama ilitufundisha tu kuuvumilia.

Nianze na semina, kwa kuwa haina mengi. Mwezeshaji alikuwa mchangamfu, akatuonyesha namna ya kuvuta pumzi kwa hesabu na kunyoosha shingo, na hayo hayana ubaya wowote. Ila semina ilipangwa saa saba mchana, ndani ya muda wetu wa chakula, ilhali Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano haki ya kupumzika angalau dakika 60. Kumkatizia mtu mlo wake ili afundishwe kupumzika ni kituko, na kufikia Jumatano ya nne tulihudhuria watu watano, wawili wetu tukiwa na sahani mkononi.

Vikao vya ushauri ni habari nyingine kabisa. Mshauri niliyepangiwa, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, hakunipa nasaha yoyote siku ya kwanza, bali alinipa karatasi yenye mistari na kunitaka kwa muda wa wiki mbili niandike saa, na jambo lililokuwa likiendelea, kila nilipohisi taya zimekaza. Nilikuwa nimeshamweleza kwamba kinachonichosha ni wateja wenye matusi, na niliamini hivyo kwa dhati. Karatasi ilisema vingine. Katika alama 31 nilizoandika, matusi yalikuwa 6 tu, na karibu zote zilizobaki ziliangukia katika zile sekunde chache baina ya simu moja na nyingine, pale macho yangu yalipokwenda kwenye skrini kubwa ya ukutani inayoonyesha kwa rangi nyekundu idadi ya wateja walio kwenye foleni.

"Mwanangu, anayekutukana hukata simu akaenda zake," aliniambia huku akipitisha kalamu juu ya karatasi. "Hiyo skrini haiendi popote."

Ni yeye pia aliyenieleza kwamba Shirika la Afya Duniani halihesabu uchovu wa kazi kuwa ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa, nayo hujitambulisha kwa kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kuona kwamba ufanisi wako umeshuka. Nilijikuta na mbili kati ya hizo tatu. Maelezo hayo yalinipunguzia hofu, maana nyumbani shangazi alikuwa ameshapendekeza niombewe, nami sikuwa nimekataa.

Hata hivyo, laiti huduma ingeishia hapo, ningeisifu nusu nusu. Ukaguzi ndio ulioipa uzito. Wakaguzi wawili walikaa nasi ukumbini katika zamu zote, ya usiku ikiwemo, wakapitia na daftari za mahudhurio. Sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na kuruhusu, kwa makubaliano, saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne. Ukijumlisha utaona kwamba mtu anaweza kufanya kazi saa 57 na nusu kwa wiki bila mwajiri wake kuvunja sheria. Lakini makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani yanaonyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko katika hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Baadhi ya wenzetu walikuwa wameishi juu ya mstari huo kwa miezi, tena wakijipongeza kwa malipo ya mara moja na nusu.

Baada ya ripoti, skrini iliondolewa ukutani ikabaki kwenye kompyuta za wasimamizi, tukapewa nafasi ya nusu dakika baina ya simu, na ratiba ya zamu, ambayo zamani ilitumwa WhatsApp Jumapili usiku, sasa hubandikwa wiki mbili kabla. Hili la ratiba sikulitegemea, lakini ndilo lililonigusa zaidi: kwa mara ya kwanza nilimwahidi mwanangu kuhudhuria kikao cha wazazi shuleni kwao, na nikahudhuria.

Kasoro zipo. Chumba cha ushauri kilitengwa mkabala na ofisi ya rasilimali watu, mlango wake wa kioo, kiasi kwamba kila anayeingia anajulikana kabla hajaketi, na wengi waliacha kwenda kwa sababu hiyo. Mimi nilihamia vikao vya simu kuanzia cha tatu, navyo vilikuwa vizuri. Tatizo ni kwamba laini hiyo hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hivyo mwenzetu wa zamu ya usiku anayezidiwa saa tisa alfajiri, akiipiga, huiacha ikiita mpaka ikate yenyewe.