Cen X-3 au SAX J1808: ipi tamu zaidi kuifuatilia kwa eksirei?

Zote mbili ni nyota za nyutroni (masalio madogo mazito mno ya nyota kubwa zilizolipuka) zinazonyonya gesi ya nyota mwenza, ila tabia zao ni mbingu na ardhi. Cen X-3 ndo bibi yao, mapigo yake (eksirei zinazowakawaka kila inapojizungusha) yalinaswa 1971 na satelaiti ya Uhuru, ile iliyorushwa kwenye jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970 (siku ya uhuru wa Kenya, jina halikuokotwa tu). Inajizungusha mara moja kila sekunde 4.8, sumaku yake kali balaa, na mwenza wake ni jitu zito, kila baada ya siku 2 na kitu linaikinga eksirei zinakatika.

Sasa SAX J1808.4-3658, hiyo ni moto, mizunguko 401 kwa sekunde! Mpaka RXTE, satelaiti ya eksirei ya NASA, ilipokuja na saa ya kuhesabu vipande vidogo mno vya sekunde ndo mapigo yakaonekana, 1998. Mwenza wake kamenyonywa kamebaki kadogo, wanazungukana kwa masaa 2 hivi, na hiyo gesi ndo iliyoipa spidi. Shida inalala, inawaka wiki chache halafu kimya miaka kadhaa. Mi naipenda hiyohiyo, ila kama ndo unaanza chukua Cen X-3, haina presha.