TAHADHARI: Anayetoza "ada ya faili" ya pesa za USDA (Wizara ya Kilimo ya Marekani) ni tapeli

Ndugu zangu mnaolima huku jimbo la Iowa, hasa akina mama wa Kikongo na Kirundi wenye vishamba vya kukodi: kuna mtu anazunguka makanisani baada ya ibada. Anavaa kofia ya USDA, Kiswahili chake kimenyooka, na anadai serikali inagawa dola 10,000 kwa kila mkulima Mwafrika "anayetunza udongo". Anachotaka ni dola 300 za kufungua faili, kwa Zelle au Cash App (njia za kutuma pesa kwa simu), pamoja na picha ya kadi yako ya Social Security. Mama tunayepakana naye shambani ameshampa vyote viwili.

Hiyo "faili" nimeishika mkononi. Ni fomu AD-1026. Fomu ni ya kweli, lakini kazi yake ni kuahidi kwamba utafuata masharti ya kutoharibu ardhioevu na udongo unaomomonyoka kirahisi. Inatolewa bure, na yenyewe haimletei mtu hata senti. Palipoandikwa kaunti, jamaa kajaza "Iowa". Kaunti ya Iowa ipo kweli, ila sisi tuko kaunti ya Polk!

Uongo wake unaingia kwa sababu pesa za hifadhi zipo. Kuna CRP, mpango wa kupumzisha ardhi ulioanza 1985: serikali inakulipa kila mwaka, kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15, ili shamba lililokuwa likilimwa ULIACHE chini ya nyasi au miti. Sasa wewe mwenye robo eka ya lengalenga kwenye uwanja wa kanisa, utaahidi kutolima ardhi ya nani?

Inayoweza kutufaa sisi ni EQIP, mpango mwingine wa hifadhi wa USDA. Hiyo husaidia gharama za kitalu nyumba cha nailoni, umwagiliaji wa matone, au mazao ya kufunika udongo, hata kwa mwenye kishamba kidogo. Lakini unaanzia ofisi ya USDA ya kaunti, unapewa namba ya shamba, ofisa wa NRCS (idara ya USDA ya hifadhi ya ardhi) anakuja kulitembelea, kisha maombi yanashindanishwa kwa alama. Ukianza kujenga kabla ya mkataba kusainiwa, hulipwi. Kwa kawaida malipo huja kazi ikishakaguliwa, ingawa mkulima mpya anaweza kuomba sehemu mapema. Hakuna ada ya maombi, na msidanganywe kwamba bila Kiingereza lazima mpitie kwake. Ofisini watahitaji namba yako ya Social Security, ndiyo, lakini utaijaza kwenye karatasi zao, si kwa WhatsApp ya mtu.

Akibanwa, anarukia zile fedha za wakulima waliobaguliwa kwenye mikopo ya USDA. Dirisha lile la maombi lilifungwa Januari 13, 2024, na Julai mwaka huohuo yakatangazwa malipo ya takriban dola bilioni 2. "Orodha ya pili" anayoiuza haipo.

Ulishampa? Piga simu benki leo, fungia taarifa zako za mkopo kwa kampuni zinazozitunza, Equifax, Experian na TransUnion (zote bure), ili mtu asikope kwa jina lako, kisha ripoti kwenye tovuti ya serikali ya kuripoti utapeli, ReportFraud.ftc.gov. Meseji zake usifute. Na wachungaji wetu, jamani, mtu asikabidhiwe kipaza sauti kwa sababu ya kofia.

Nasikia sasa ameelekea mji wa Cedar Rapids. Mwenye ndugu huko amtumie ujumbe huu kabla ya Jumapili.