Flashi ya kuokolea kompyuta kuukuu: ipi ununue Mombasa, na ipi uiache dukani

Laptopu ikigoma kuwaka, wengi huikatia tamaa mapema. Kumbe mara nyingi kilichoharibika ni Windows tu. Picha za harusi, mitihani ya madrasa na hesabu za duka bado zimo mle ndani, zinangoja mtu wa kuzitoa. Kinachohitajika ni flashi ya uokoaji, yaani flashi ya kawaida iliyotiwa mfumo endeshi wake wenyewe. Unaichomeka, unaiamuru mashine ianzie huko badala ya diski ya ndani, unanakili vilivyo vyako.

Programu za kazi hii ni za bure. Pesa yako inaishia kwenye flashi, na flashi ndiyo tunayopunjwa nayo hapa mjini. Mimi nilishauziwa ya GB 128 kando ya Moi Avenue, duka sitalitaja, kwa bei ya bamia. Kompyuta iliisoma GB 128 kamili, na kila nilichotia kikaingia bila kelele. Siku ya kuvihitaji, mafaili ya mwanzo yalifunguka. Mengine yakawa majina matupu. Chipu ya ndani ilikuwa GB 8. Kidhibiti chake kilikuwa kimefundishwa kusema uongo: ukishajaza GB 8, kinaendelea kuitikia "nimepokea" huku hakihifadhi kitu.

Kwa hiyo ninavyozipanga hapa, kigezo cha kwanza ni ukweli wa ujazo. Kasi inafuata, na ukubwa unakuja nyuma kabisa.

Ya kwanza: GB 32, USB 3, ya kampuni inayojulikana

Kingston DataTraveler Exodia au SanDisk Ultra, yoyote utakayoikuta halisi. Najua utaniuliza: kompyuta yangu ina matundu ya USB 2.0 tu, USB 3 ya nini? Swali ni zuri, nami nililiuliza kabla ya kujaribu mwenyewe. USB 2.0 kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde, na kwa vitendo unapata kama megabaiti 30 hadi 40. Flashi nyingi za USB 2.0 za bei ya chini hazifiki hata huko. Kuandika kwake ni kwa mwendo wa kobe, megabaiti chache tu kwa sekunde. Ya USB 3 ikichomekwa kwenye tundu la zamani hupunguza mwendo, lakini inalitumia tundu hilo mpaka mwisho wa uwezo wake. Tofauti utaiona ukinakili faili la GB 3: moja inakumalizia kabla chai haijapoa, nyingine unaweza kuvuka feri ya Likoni ukarudi ukaikuta bado inahesabu.

Kwa nini GB 32 na si zaidi? Hesabu mwenyewe. SystemRescue, mfumo wa kuwashia wenye zana za kuokoa mafaili na kutengeneza diski, ni kama GB 1. Clonezilla ya kunakili diski nzima na GParted Live ya kugawa diski kila moja ni kama nusu ya hapo. Memtest86+, inayopima memori, ni kijifaili kidogo mno. antiX, mfumo endeshi mwepesi wa Linux, haifiki GB 2, na Hiren's BootCD PE, yaani Windows ndogo iliyojaa zana za ufundi, ni kama GB 3. Vyote kwa pamoja havifiki GB 10, na unabaki na nafasi ya kutosha.

Na ukubwa kupita kiasi unaweza kukuponza. BIOS, ile programu ya kwenye bodi inayoamsha mashine kabla ya Windows, baadhi yake za zamani haziwezi kusoma kupita GB 137 za mwanzo za kifaa. Ukitia faili lako upande wa pili wa mpaka huo, mashine itakwama huku flashi ikiwa nzima kabisa. Ya GB 64 haina neno. Ya GB 256 iache kwa ajili ya sinema.

Ya pili, ambayo wengi huisahau: diski ya laptopu iliyokufa, ndani ya kasha la USB

Flashi ya uokoaji inaiwasha mashine, sawa. Mafaili utakayoyatoa utayaweka wapi? Nimewaona watu wakifika hatua ya mwisho, folda zote zinaonekana, ndipo wanapoanza kumpigia shemeji simu awaazime flashi nyingine. Laptopu zilizokufa hazikosekani kwa mafundi, na diski zake za inchi 2.5 za SATA zinauzwa moja moja. Nunua kasha lake, itie humo, umepata ghala. Ikiwa ni SSD ndogo (diski isiyo na kitu cha kuzunguka ndani), hata ya GB 120, unaweza kuiwashia mashine kutoka hapo hapo, na itazishinda flashi nyingi kwa mwendo.

Jihadhari na umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, na diski ya kuzunguka inaweza kutaka zaidi inapoanza. Ikilia tik-tik na haionekani, huenda haina ubaya wowote, ina njaa tu. Tafuta waya wenye vichwa viwili vya USB. SSD kwa kawaida hazina tabu hiyo. Lakini mlio huo ukitoka kwenye diski ya ndani ya kompyuta unayoiokoa, zima kila kitu na uache majaribio. Hiyo inazidi kuumia kila ikizunguka.

Ya tatu: flashi ya USB 2.0 ya kawaida

SanDisk Cruzer Blade na jamaa zake. Ni polepole, ila kwa programu moja au mbili inatosha, na kuna mashine kongwe ambazo kwa sababu zake zenyewe huielewa hii na kuikataa ya kisasa. Mfuko ukiwa mwembamba, chukua hii halisi kuliko ile ya "USB 3" isiyo na ukoo. Ubaya wake mmoja kwetu huku pwani: haina kifuniko, meno yake yako wazi, na chumvi ya bahari haina subira. Itie kwenye kifuko pamoja na kile kipakiti cha chembechembe za kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya.

Ya nne: kadi ya SD na kisomeo chake

Hii ni ya fundi anayezunguka kutoka saiba moja hadi nyingine akikutana na kila aina ya virusi. Kadi kubwa ya SD ina kijifungo ubavuni, ukikisukuma, haiandikiki. Lakini kufuli hiyo inategemea kisomeo kukubali kuiheshimu, maana kadi yenyewe haizuii chochote. Vipo visomeo vinavyoipuuza. Jaribu kuandika faili ukiwa umefunga. Likikataa, umepata kisomeo kizuri, kitunze.

Ya tano: DVD

Kwa kompyuta za mezani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambazo hazijui kabisa kuanzia kwenye USB. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Unaweza pia kuchoma CD ya Plop Boot Manager, ambayo huwaka yenyewe kisha ikaipokeza kazi flashi.

Za kuacha

Zile za TB 2 zinazouzwa kwa bei ya sahani ya pilau. Hizo usizijadili. Vile viflashi vidogo kama ukucha navyo hupata moto kazi ikiwa ndefu, na katika joto la Februari hapa hakuna haja ya kuongeza moto juu ya moto. Na usinunue flashi "iliyo tayari", yenye Windows iliyovunjwa kufuli. Hujui nani kaipika na katia nini, na unakwenda kuichomeka kwenye kompyuta yenye siri zako zote. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ukifika dukani

Nenda na laptopu yako. Mimi humwambia mwenye duka waziwazi: "Shekhe, naomba niijaribu hapa hapa kabla sijalipa." Aliye na mali halisi husema, "Jaribu, mwanangu," akaendelea na wateja wake. Akianza kukunja uso, maduka ni mengi. Kwenye Windows, ValiDrive inakagua ujazo kwa dakika chache, kwa kuandika na kusoma sehemu mbalimbali za flashi. Ukifika nyumbani fanya ukaguzi mzito kwa H2testw, au F3 ukiwa na Linux: inaijaza flashi yote kisha inaisoma tena tangu mwanzo. Ni saa nyingi kwa flashi ya polepole, basi iache usiku. Ndiyo maana risiti usiitupe, na ujumbe wa M-Pesa usiufute.

Njiani nunua pia betri ya CR2032. Kompyuta kuukuu ikisahau tarehe kila ikizimwa, betri hiyo ya kwenye bodi imekwisha, na itasahau pia mpangilio wa kuanzia kwenye USB.

Cha kutia ndani

Ventoy, programu ya kuigeuza flashi iwe ya kuwashia, na sitazunguka. Unaisakinisha mara moja, ambapo flashi yote inafutwa, kisha unanakili mafaili ya ISO (kila moja ni programu nzima ya kuwashia ndani ya faili moja) kama unavyonakili nyimbo. Ukiwasha, inakupa orodha uchague. Inafanya kazi kwenye BIOS za zamani na kwenye UEFI, mrithi wa BIOS kwenye mashine mpya. Ikikataliwa na mashine fulani, tumia Rufus kuandika ISO moja kwenye flashi nyingine, na kwa mashine ya BIOS chagua MBR, mpangilio wa diski wa zamani.

Angalia prosesa kabla ya kumaliza bando. Hiren's inataka prosesa ya biti 64 na memori isiyopungua GB 2. Kwa prosesa ya biti 32, pakua antiX ya biti 32. Imetengenezwa kwa ajili ya wazee hao. Na kwa kuwa Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, antiX hiyo hiyo huenda ikawa makao mapya ya mashine yako baada ya uokoaji.

Kisha ijaribu siku hiyo hiyo, mashine ikiwa bado nzima. Kitufe cha kuchagua pa kuanzia kwa Dell, Lenovo na Toshiba nyingi ni F12 mara tu unapowasha. HP ni Esc kisha F9. Asus nyingi ni Esc au F8. Acer ni F12, ila huenda ukalazimika kuiruhusu kwanza ndani ya BIOS. Laptopu ikiwa na matundu ya bluu na meusi, anza na jeusi, kwa sababu BIOS za miaka ile nyingine hazilitambui la bluu kabla Windows haijawaka. Kitufe kilichokubali na tundu lililokubali viandike kwenye kipande cha selotepu, ukibandike chini ya laptopu karibu na betri.