Mauntingi ya difu imekufa: nunua nini kwanza, na kipi uache dukani

Difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) ikianza kugonga chini ya gari la porini, mara nyingi ni mauntingi zake, yaani bushi, breketi na boliti zinazoishikilia kwenye chesisi, na wengi hukimbilia bushi (pete za kati, kwa kawaida za mpira) ngumu kuliko zote zilizopo dukani. Ninawaelewa: kilichokufa kilikuwa laini, basi kiwekwe kigumu. Tatizo ni kwamba bushi ya difu imetengenezwa ichakae yenyewe ili sikio la difu (sehemu yake yenye tundu la boliti) na chesisi vipone. Ukiifanya ngumu kupita sikio lenyewe, safari ijayo litakalopasuka ni sikio, na hapo hununui bushi tena, unanunua difu. Ndiyo maana mpangilio wangu hapa chini haufuati ugumu.

Kwanza jua gari lako ni la aina gani. Magari yenye ekseli ya kipande kimoja, kama Nissan Patrol Y61 mbele na nyuma, hayana bushi za difu kabisa. Difu iko ndani ya ekseli, na anayebeba msukosuko ni springi na mikono ya ekseli. Kwenye ekseli ambazo difu hutoka nzima kwa mbele, kinacholegea ni stadi na nati zinazoibana, na dalili yake ni oili kuvuja kuzunguka ule mduara. Hapo nunua stadi mpya, nati mpya na gasketi, safisha oili yote kwenye matundu kabla ya kufunga, kisha usimamie ukazaji kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Huhitaji kingine.

Mwongozo huu ni wa wale ambao difu yao imening'inia kwenye chesisi peke yake, huku magurudumu yakicheza kila moja kivyake: difu ya mbele ya Land Cruiser 100, kwa mfano, au ya nyuma ya Pajero tangu toleo la 1999.

Hebu tuone bushi hizi zinabeba nini. Chukua injini ya Nm 400 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), gia ya kwanza yenye uwiano wa 4, na 4L, yaani gia nzito ya porini, yenye uwiano wa 2.5. Hiyo ni Nm 4,000 inayotoka kwenye transfa, sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma. Ikigawanyika nusu kwa nusu, kila propela (shafti ya kutoka transfa hadi difu) inapata Nm 2,000, na difu yenye uwiano wa 4 inaifanya kuwa Nm 8,000 kwenye draivshafti, zile za kutoka difu hadi magurudumu. Tairi zikishika mwamba zisiteleze, nguvu hiyohiyo inaisukuma difu izunguke upande wa pili. Kama mauntingi ya mbele na ya nyuma zimeachana sentimita 40, kila moja inavutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 2. Ukirudi rivasi kupanda kilima, nguvu inageuka: iliyokuwa inavutwa juu sasa inavutwa chini. Ni mapigo haya ya kwenda na kurudi yanayomaliza mpira na kulegeza boliti.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha anayegonga ni mauntingi. Krosi (kiungo cha propela) iliyochakaa hugonga vilevile, na mauntingi ya injini iliyolala pia. Niliwahi kubadilisha bushi za difu ya mbele mara mbili kwenye gari moja, zote mpya, zote za kiwandani. Mara ya tatu nilichomoa boliti na kuitazama vizuri mwangani. Katikati ya shina lake palikuwa na mkanda unaong'aa kama sarafu, na tundu la breketi lilikuwa limekuwa umbo la yai. Kuzunguka washa ya nati kulikuwa na vumbi jekundu, laini kama poda. Nati ilikuwa imekaza, lakini boliti ilikuwa inatembea ndani ya tundu kila nikikanyaga mafuta. Bushi hazikuwa na kosa lolote. Tangu siku hiyo sinunui bushi kabla ya kuchomoa boliti zote na kuzipangusa.

Kipimo rahisi ni hiki. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye breketi, endesha siku chache, kisha angalia kama mstari umekatika. Kingine: gari likiwa tambarare, mguu kwenye breki, msaidizi abadilishe D na R taratibu huku wewe ukitazama difu kutoka pembeni. Usiingie chini ya gari wakati huo. Difu ikiruka kwa wazi, bushi zimekwisha au tundu limepanuka. Ikitulia na bado unasikia kishindo, kamata propela kwa mkono injini ikiwa imezimwa, magurudumu yamewekewa vizuizi, uitingishe. Mchezo utausikia kwenye krosi.

Sasa manunuzi.

Ya kwanza, na kwa watu wengi ndiyo ya mwisho wanayohitaji: seti kamili ya bushi za mpira za kiwandani pamoja na boliti na nati mpya. Nasisitiza seti kamili. Ukibadilisha moja iliyopasuka na kuacha mbili za zamani, ile mpya inabeba mzigo wa wenzake na inakufa mapema. Boliti ziwe za daraja lilelile lililoandikwa kichwani. Ukikuta 10.9, usirudishe 8.8 kwa sababu tu unene ni mmoja. Na kama oili sili ya difu inavuja, izibe kwanza, kwa maana oili huulainisha mpira mpaka ukawa kama ufizi. Kagua na bomba la kupumulia la difu. Likiziba, hewa ya moto inasukuma oili kwenye sili na utaanza upya.

Ya pili ni breketi iliyoimarishwa, kama ya kwako imepasuka au tundu limepanuka. Tafuta ya bamba nene yenye mbavu za pembeni, na tundu lenye bomba la chuma lililopita pande zote mbili ili boliti ibane bomba na isiponde bamba. Pima umbali wa matundu kabla ya kulipa. Milimita mbili za makosa zinatosha kuipinda difu na kuzipa jointi za draivshafti pembe mbaya. Kama fundi wako ni mlehemu mzuri, breketi ya zamani inaweza kuongezewa mbavu, lakini chomoa waya wa hasi wa betri kabla hajagusa chesisi. Kulehemu sikio la difu la chuma cha kumwaga ni jambo jingine. Bila kupasha moto na kupoza taratibu, ufa hurudi pembeni ya mshono, na mimi sikushauri kwa gari linaloenda mbali.

Ya tatu ni bushi za poliuretheni, plastiki inayonyumbuka. Hizi nazipenda kwa gari linalopanda mawe mara kwa mara, likiwa na tairi kubwa kuliko za kiwandani. Mpira wa kawaida huwa kati ya 50 na 70 kwenye Shore A, kipimo cha ugumu ambacho namba kubwa ni ngumu zaidi. Poliuretheni huuzwa mara nyingi kati ya 70 na 95. Chagua za chini, karibu 75 au 80. Muuzaji akikuambia za 95 ndizo za kiume, mwachie. Ukizifunga utasikia mlio wa gia za difu ukiingia ndani ya gari ambao zamani mpira uliumeza, na kama mlio ni mkubwa, kagua beringi kabla ya kulaumu bushi. Poliuretheni huvumilia oili kuliko mpira, hilo ni faida ya kweli.

Ya nne, breketi na bushi za mtumba kutoka gari lililochinjwa. Breketi ya mtumba inaweza kuwa nzuri, lakini isugue kwa brashi ya waya, kisha uikague kwa mwanga wa pembeni, hasa kwenye pembe za mshono na kingo za matundu. Bushi za mtumba usinunue. Mpira umeshazeeka hata kama hauonyeshi ufa.

Ya mwisho kabisa ni bushi za alumini au chuma kitupu. Zinafaa kwa gari la mashindano lenye chesisi iliyoimarishwa na wamiliki wanaokagua kila siku. Kwenye gari la kazi na familia, kila pigo linafika sikioni mwa difu bila kupunguzwa, na masikio hayo mengi ni ya kumwaga, hayapindi, hukatika.

Kuna bidhaa moja ambayo watu huinunua wakidhani ni dawa ya mauntingi: vipande vya kushusha difu baada ya kuinua gari. Kazi yake ni kurekebisha pembe ya draivshafti, na inaifanya vizuri. Lakini vinarefusha mkono unaovuta boliti, hivyo mauntingi dhaifu itakufa haraka zaidi. Tibu mauntingi kwanza, kisha ndipo ushushe.

Siku ya kufunga, ingiza boliti zote kwa mkono, acha difu ikae mahali pake yenyewe, kisha ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ukikaza moja huku difu imeinuliwa na jeki upande mmoja, mpira unabaki umejipinda tangu siku ya kwanza. Chora mstari wa rangi kwenye kila nati. Baada ya safari ya kwanza ya porini, lala chini ukiwa na tochi, uitazame mistari yote, na palipokatika chomoa boliti hiyo uikague kabla hujaikaza tena.