Programu ya Kamusi Mbele ya Neno "Run"

Nilipotaka kuipima programu hii ya kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, sikutafuta maneno magumu, bali nilianza na "run", kitenzi kifupi ambacho wahariri wa Oxford English Dictionary, walipokidurusu upya, walikihesabia maana 645, na hivyo kikalipita neno "set" lililoongoza katika toleo la 1989. Hapo programu imejitahidi kuliko nilivyotarajia: inatenganisha kukimbia kwa mtu, kutiririka kwa maji, kuendesha kampuni, kugombea cheo na hata kuchuruzika kwa kamasi, na kila maana imepewa sentensi ya mfano inayoeleweka.

Udhaifu umo katika nahau. "Run out of", yaani kuishiwa, na "run into", kukutana na mtu bila kutarajia, zimeelezwa vizuri. Lakini "in the long run" imetafsiriwa kuwa "katika mbio ndefu", tafsiri inayomwacha msomaji uwanjani ilhali msemaji alikusudia "hatimaye". Ajabu ni kwamba mhariri yeyote wa Kiswahili angepaswa kulishuku kosa hilo mapema, kwa kuwa sisi wenyewe tunapiga pasi, tunapiga simu na kupiga picha bila kumwumiza mtu.

Matamshi yanasikika vizuri, na programu hufanya kazi bila intaneti. Ningemshauri mwanafunzi aitumie kwa maneno mojamoja, lakini nahau azihakikishe kwingine kabla ya kuziandika.