Ekografia ya moyo Kampemba: huduma inayostahili kulipiwa

Kliniki ndogo ya moyo niliyoitumia katika komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi, haina sebule ya kupendeza, lakini kwa ekografia ya moyo, yaani kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, inafanya kazi ambayo wagonjwa wengi zaidi wangefaa kuifahamu. Nilimpeleka mama mkubwa, ambaye alikuwa akikonda, akishikwa na homa mara kwa mara na kuishiwa pumzi kila alipoinama, huku zahanati nyingine ikimtibu malaria tu.

Daktari hakuwa na haraka. Alimlaza kwa ubavu wa kushoto, akampaka jeli kifuani, akasogeza kifaa polepole, kisha akatugeuzia skrini. Katika chumba cha juu cha kushoto kulikuwa na uvimbe unaoning'inia kwa kikonyo kama tunda, na kila vali ya mitrali, mlango kati ya chumba hicho na cha chini yake, ilipofunguka, ulizama ndani yake na kurudi. Alitueleza kwa Kiswahili chetu kwamba dalili zote ni za miksoma, uvimbe unaoongoza kati ya ule unaoanzia moyoni kwa watu wazima, na kwamba takriban 75% ya miksoma hukaa katika chumba hicho. Si saratani, lakini hilo lisimtulize mtu: kipande kikikatika huweza kupanda hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi, au kuziba mshipa wa mguu, na uvimbe wenyewe ukiziba vali, mgonjwa huzimia au kufa ghafla. Hakuna dawa ya kuuyeyusha. Ni upasuaji, tena usiocheleweshwa. Alipomwona mama mkubwa ameingiwa na hofu, alimwambia kwa upole kwamba si jaribio jipya, kwani daktari wa upasuaji wa Uswidi, Clarence Crafoord, aliondoa uvimbe wa aina hiyo kwa mafanikio huko Stockholm mwaka 1954.

Kasoro zipo. Bei haikubandikwa popote, na ripoti iliandikwa kwa Kifaransa cha vifupisho ambavyo hata muuguzi alishindwa kuvisoma. Hata hivyo, daktari aliipigia simu hospitali ya rufaa kabla hatujatoka mlangoni, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko kasoro zote hizo. Ukienda, omba video ya kipimo iwekwe kwenye flashi pamoja na ripoti: daktari wa upasuaji, kabla ya kuuliza lolote, alitaka kuuona uvimbe ukicheza.