Kinanda cha Yamaha PSR-E373 ibadani: maoni ya mpiga tarumbeta mzee

Bwana Yesu asifiwe. Vijana wa usharika wetu huku Marangu walichanga wakanunua kinanda hiki, na kwa kuwa sharika jirani zinauliza kama kinafaa, naandika niliyoyaona. Nimepiga tarumbeta kanisani tangu ujana na kufundisha kwaya kwa solfa (noti za do, re, mi), kwa hiyo swali langu ni moja tu: je, kinawasaidia washarika kuimba?

Sauti ya ogani ni tamu, imejaa. Zimo sauti 622, ila kwa ibada yetu utatumia ogani, piano na labda nyuzi. Vitufe 61 vinatosheleza sauti zote nne, toka besi hadi soprano. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kinaweza kushusha na kupandisha wimbo. Ibada ya kwanza, asubuhi na baridi ya mlimani, kina mama wazee hawafiki juu. Mpigaji anashusha kidogo, nao wanaimba mpaka ubeti wa mwisho. Umeme ukikatika kinatumia betri sita za AA. Spika zake ni wati 2.5 kila upande, hizo ni za sebuleni, kwa hiyo kanisani lazima mkiunganishe na spika kubwa.

Sasa midundo, yaani ngoma za mashine zinazojipiga zenyewe. Imo 205, na vijana wanaipenda mno. Siku ya Matengenezo ya Kanisa tuliimba wimbo wa ngome wa Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri wetu, ule wa Zaburi ya 46, juu ya ngoma hizo za mashine. Mwisho wa kila mstari watu huvuta pumzi. Mpiga tarumbeta naye anavuta pumzi hapohapo, maana bila pumzi hana sauti, ndiyo maana matarumbeta na washarika huenda pamoja. Mashine haipumui. Ilisonga mbele, watu wakaifukuzia, na kufika ubeti wa tatu ilisikika kwaya peke yake. Hilo liliniuma. Luther aliwapa washarika wote nyimbo waimbe kwa lugha yao, wasiwe wasikilizaji.

Nilimwambia kijana anayekipiga. Akanijibu kwa adabu, "Babu, nikizima mdundo vijana wenzangu wataona ibada imepoa." Nikamwomba ajaribu Jumapili moja: mdundo kwenye mapambio, tenzi za kitabuni apige kwa mikono yake, akiwatazama watu midomo. Alikubali, na kanisa liliimba.

Wazee wenzangu wanaosema kinanda hiki ni cha disko siungani nao. Matarumbeta yetu yenyewe yaliletwa na wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Hayakuwa ya babu zetu. Na Jumamosi jioni sasa naona vijana wamejaa kanisani wakifanya mazoezi, tena baadhi yao wameanza kuniuliza solfa. Ningekuwa mzee wa ajabu kulizuia hilo.

Kwa hiyo kinunueni. Nunueni pamoja na stendi imara na kitambaa cha kufunikia, vumbi la kiangazi halina huruma. Na mpigaji afundishwe tenzi kabla ya kufundishwa vitufe vya midundo.